Ombi la Kuwafungia Ndugu Zangu Wawili Chumba Kimoja

Nathalie, muuza unga wa muhogo
Misiera, kambi ya wakimbizi ya Nakivale
Jumapili, baada ya ibada, bugali ukiwa bado motoni

Kwa Afande Sajini Nasani
Kambi ya Makenke, Mbarara

KUHUSU: KUWAFUNGIA PRINCE NA VÉNANT WIKI MOJA, KWA HESHIMA ZOTE

Afande mheshimiwa,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana, wewe pamoja na mke wako Mama Meddy, mteja wangu wa Jumatano pale Nyamityobora, ambaye hajanirudishia unga hata siku moja. Mimi ndiye yule Mkongo wa unga mweupe, mwenye sauti. Umeniona mara mbili. Mara ya kwanza ulinisaidia kushusha gunia, mara ya pili ulisema ninapiga kelele karibu na mlango wa watu. Yote mawili nayakumbuka kwa shukrani.

Sina mazoea ya kuwaandikia wanajeshi. Kwetu Kivu ya Kusini mtu akiona sare anakimbia kwanza, halafu anauliza ilikuwa sare ya nani. Lakini Mama Meddy alinisimulia jambo ulilolifanya, na tangu siku hiyo limenikaa kichwani. Alisema vijana wako wawili walikosana, mmoja akimwita mwenzake mchawi, mwenzake akimwita mwizi, wakawa hawasalimiani. Wewe hukuwapiga wala hukuwafukuza. Uliwapa chumba kimoja, blanketi moja na sahani moja, ukawaambia: "Nyinyi nakula sahani moja mpaka kichwa napoa." Siku ya nne mmoja akaanza kumwachia mwenzake kipande kikubwa cha nyama. Siku ya saba walitoka wakicheka, na mpaka leo ukimtuma mmoja sokoni mwenzake anaomba kumsindikiza.

Basi afande, ninaomba chumba hicho. Watu wa kukijaza ninao.

Watu wenyewe ni ndugu zangu wa tumbo moja. Prince ni mkubwa wangu, Vénant ni mdogo wangu. Mimi nilizaliwa katikati, na katikati nimebaki mpaka leo, wala hakuna aliyenihurumia. Prince ni Prezida wa chama kinachoitwa Usawa Mpaka Mwisho. Wanataka siku tutakayorudi katika inchi yetu pasiwe na chifu, pasiwe na tajiri, pasiwe hata na mpaka kati ya shamba na shamba. Vénant ni Prezida wa Wenye Inchi wa Kweli. Wao wanataka siku hiyohiyo kila kitu kirudi kwa chifu, kila mtu arudi kwenye kiti cha babu yake, na asiyejulikana babu yake akae nje. Huyu anayetaka kuwafuta machifu wote wa dunia anaitwa Prince. Huyu anayetaka turudie majina ya mababu anaitwa Vénant, jina la Wazungu. Hilo sikuliweka kwenye malalamiko, ni kosa la wazazi.

Ningewaacha waendelee na mambo yao. Mtu mzima ana haki ya kupoteza Jumamosi zake anavyotaka. Lakini yuko Mama.

Mama yetu, Mama Mariette, ana miaka sabini na tisa. Ana sheria moja tu maishani, aliyoipata kwa mama yake: chakula cha Jumapili hakiguswi mpaka watoto wake wa kiume wamenawa pamoja katika beseni moja. Si lazima wazungumze, wanawe tu. Mimi pia ninanawa, kwa usafi wangu mwenyewe, lakini mimi sihesabiwi. Sasa ni miezi kumi na minne Prince hakanyagi fasi ambayo Vénant amekanyaga, na Vénant naye vilevile. Kila Jumapili Mama anasonga bugali wa watu wanne, mimi namtwangia sombe ya majani ya muhogo, anaweka beseni mlangoni, anangoja. Anauliza, "Batoto bangu beko wapi?" Mimi namjibu wako njiani. Jua likianza kuteremka anawagawia majirani chakula, yeye anaguguna kipande cha muhogo akiwa amesimama, halafu anasema hiyo si kula. Siku za kazi nazo anadonoadonoa. Nilimpeleka kwa daktari. Akampima kila kitu, akaniambia mama huyu haumwi, mama huyu hali. Kitenge kilichokuwa kikimtosha sasa kinamzunguka na ncha inabaki inaning'inia. Ninaogopa, afande. Nalisema wazi usije ukafikiri nakuandikia kwa sababu ya siasa.

Nimekwenda kwa kila mmoja nikapiga magoti. Prince aliniambia tofauti kati yake na Vénant ni kubwa kuliko Ziwa Tanganyika. Vénant aliniambia tofauti kati yake na Prince ni kubwa kuliko Ziwa Tanganyika. Walipotaja ziwa lilelile nikaanza kushuku. Nikakaa nikawachunguza, mimi niliyewafulia wote wawili nguo utotoni, na nimefika mwisho wa uchunguzi wangu: tofauti hakuna. Ni mtu yuleyule mara mbili. Naleta ushahidi kwa namba, kama ninavyosikia mnapenda jeshini.

1. Kuhusu sheria zao. Kwetu Wakongo, watu watatu wakikutana chini ya paa moja, kabla hawajaulizana habari za nyumbani wanachagua prezida, makamu, katibu, mshauri wa kwanza, mshauri wa pili na mtu wa protokole, hata kama wako watatu tu. Baada ya hapo zinaandikwa kanuni za ndani. Ndugu zangu hawa wote waliimba katika kwaya yetu ya zamani, Wajumbe wa Furaha, na kila mmoja kwa siri yake alichukua kanuni za kwaya, akafuta neno "kwaya" akaandika "chama". Kifungu cha tisa hakuna aliyekikumbuka. Kinasema kwamba mwimbaji atakayekuja kwenye mazoezi bila kuoga atakaa nje mpaka wimbo wa tatu. Na kwa kuwa kimeandikwa, kinafuatwa. Mwezi uliopita Usawa Mpaka Mwisho walimtoa nje mtu mwenye imani safi kabisa, kwa ajili ya jasho. Siku ileile Wenye Inchi walimtoa nje mzee wa ukoo mkubwa kwa kosa hilohilo. Wale wawili wakakutana barabarani, wakakaa juani wakapiga gumzo zuri, wakanunua karanga. Katika vyama vyote viwili hao ndio watu pekee ninaowajua wanaosalimiana.

2. Kuhusu unga wangu. Asubuhi moja Prince alikuja dukani akaniambia unga ni wa watu wote, kwa hiyo gunia moja litoke kwa ajili ya mkutano. Mchana Vénant akaja akaniambia unga ni wa udongo wa mababu, kwa hiyo gunia moja litoke kwa ajili ya mkutano. Muhogo wenyewe umelimwa hapahapa Nakivale, afande, mababu zetu hawakuwahi hata kuota kwamba kuna fasi kama hii. Nikamuuliza kila mmoja mimi nitabaki na nini. Prince akasema nitabaki na roho safi. Vénant akasema nitabaki na heshima. Hivyo vyote viwili nimejaribu kuvisonga, havishikani.

3. Kuhusu usawa na mila, upande wa jikoni. Nilimuuliza Prince, katika huo usawa wenu wa mpaka mwisho, nani anapikia mkutano? Akajibu kwamba usawa utafika jikoni katika awamu ya tatu. Nikamuuliza ya kwanza imefika wapi. Akasema inajadiliwa. Vénant yeye hakuhitaji awamu, alisema jikoni ndipo heshima ya mwanamke ilipo tangu zamani. Basi Jumamosi nikapika kwa wenye usawa, nikabeba sufuria zilezile zikiwa za moto kichwani, nikateremka kupika kwa wenye mila. Maharage yalikuwa yaleyale. Pande zote mbili walilalamika chumvi.

4. Wote wawili ni Prezida wa muda. Ni mwezi wa kumi na nne. Huo muda nani anaupima, sijui.

5. Kuhusu nyumba ya Mungu. Pasta Ezira ni mtu mpole, na mimi namhurumia kuliko ninavyojihurumia mimi. Watu wa Prince wanakaa kushoto, watu wa Vénant kulia, na katikati tumebaki mimi, Mama, na wajane wawili. Wimbo ukianza, watu wa Prince hawasimami kwenye ubeti wa pili kwa sababu umetaja Mfalme. Watu wa Vénant hawasimami kwenye ubeti wa tatu kwa sababu umetaja mataifa yote. Wimbo mmoja wa beti nne tunauimba kwa kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, kama mazoezi yenu ya asubuhi pale Makenke. Mgeni mmoja kutoka Mbarara alituhurumia akadhani ni dhehebu. Na Mama, ambaye magoti yake hayamtii tena, anageuka kushoto anamwona mtoto wake mmoja ameketi, anageuka kulia anamwona mwingine amesimama, ananiuliza, "Beko bagonjwa?" Nimjibu nini? Nimemwambia ndiyo.

6. Hili la sita ndilo zito, na ninakiri kwamba nilikuwa na mkono ndani yake, ingawa bila kukusudia. Mwezi wa tano vyama vyote viwili vilifanya mkutano mkuu. Siku moja, saa moja, kimoja uwanja wa juu na kingine uwanja wa chini, kwa sababu hakuna aliyekubali kutangulia au kufuata. Kila prezida akaandika hotuba kwa Kifaransa. Wasikilizaji wao ni wakulima, Kifaransa chao ni cha kusalimia mtu na kumshukuru. Lakini wote wawili wanaamini hotuba ya Kiswahili haina uzito, ni kama kuomba chumvi kwa jirani. Kifaransa cha Prince kiliishia mwaka wa pili wa sekondari. Cha Vénant kiliishia hapohapo, maana Prince alirudia madarasa mpaka vita ikawakuta darasa moja.

Wakanipa mimi karatasi zao, kila mmoja kwa siri, nizipeleke Nyamityobora kwa Resty, binti mwenye mashine ya kuchapa. Resty ni Mnyankole, Kifaransa hajui, anakinakili herufi kwa herufi kama mtu anayesuka kikapu kwa kuangalia kikapu cha mwenzake. Mimi nami sikijui. Alinipa bahasha mbili, juu ya zote ameandika "Prezida". Nikazitia kwenye mfuko pamoja na ndagala, wale samaki wadogo, na nilipofika Misiera nikagawa. Afande, niligawa vibaya. Prince alisimama uwanja wa juu, akasoma saa nzima na dakika kumi kwamba machifu waliwekwa na Mungu na asiye na ukoo hana sauti. Vénant alisimama uwanja wa chini, akasoma kwa machozi, machozi kabisa, kwamba ardhi haina mwenyewe na viti vyote vya mababu vipasuliwe kuni. Watu wakashangilia mpaka vumbi likainuka.

Aliyegundua ni Pasta Ezira peke yake, ambaye alisomea Bukavu. Alikuwa anatafuta kuku wake aliyepotea, akapita uwanja wa juu, halafu akapita uwanja wa chini, akaja kwangu bila kuku, amepauka. Tukafunga mlango. Nikamsihi anyamaze kwa ajili ya Mama, maana nilihofia wakijua watalaumiana kwamba mmoja kamwibia mwenzake. Akanyamaza. Nimeiona mihtasari ya mikutano yote miwili, imeandikwa na makatibu wasiofahamiana. Wa kwanza unasema hotuba ya Prezida ilieleza msimamo wetu waziwazi kuliko wakati wowote. Wa pili unasema hivyohivyo, ila wameongeza "bila woga".

7. Vyama vyote viwili vinasema havina shida na mimi, shida yao ni kwamba sielewi.

Sasa, afande, tupige hesabu ya akili. Kama watu wawili wana kanuni moja, wanataka gunia moja, wanakula maharage mamoja na kusoma hotuba ya mwenzake bila kujikwaa, hao si wawili. Ni mmoja. Ukimfunga mmoja hujamwonea mtu, na ukimfunga na nafsi yake hujavunja familia, umeirudisha. Kwa hiyo ombi langu halina ubaya wowote, na ninaliweka wazi kama ifuatavyo.

Wachukue wote wawili, wiki moja tu, Jumatatu mpaka Jumapili. Kuwapata ni rahisi. Kwa Prince, tuma mtu amwambie kuna wapagazi wa Mbarara wanataka kusikia habari za usawa. Kwa Vénant, tuma mtu amwambie kuna mzee wa ukoo wa kifalme anataka kumwona. Watakuja wenyewe, wamepiga pasi. Wape chumba kile, blanketi lile na sahani ile. Usiwape kiti, maana kikiwa kimoja watapigania nani aendeshe kikao. Usiwape karatasi, maana wataunda kamati, na wakiwa wawili tu kila mmoja atamfukuza mwenzake na chumba kitabaki bila mtu kisheria. Prince usimwekee vichwa vya ndagala, tangu utoto vinamkwama. Vénant akianza kuimba peke yake ujue ana homa, mguse paji la uso. Blanketi liwe nene kidogo kama linapatikana.

Halafu Jumapili nitakuja na Mama, pikipiki nitalipa mimi. Tutaleta beseni, bugali na sombe. Mfungulie mlango, wanawe, ale. Hayo tu. Baada ya hapo hata wakitaka kurudi kuipindua dunia, mmoja akivutia huku na mwingine kule, mimi sitasema neno.

Na kama utaona dawa imefanya kazi, ninathubutu kuongeza. Usiishie kwa maprezida. Wachukue na makatibu, maana ndio wanaoandika "bila woga". Halafu washauri wa kwanza na wa pili. Wanachama ni ishirini na watatu kila upande, nimewahesabu kwa sahani, kwa hiyo kwa blanketi ishirini na tatu kazi imekwisha. Nimefikiri zaidi, wakati nangoja unga ukauke. Kwa nini iwe Nakivale tu? Kila inchi ina Prince wake na Vénant wake, mmoja anapiga kelele upande huu, mwingine upande ule, na katikati kuna mama fulani ameweka beseni mlangoni. Kila serikali ijenge chumba, iwe wizara kabisa, na wewe uwe mkuu wake. Sisi tusio na upande tutakaa nje kushika ufunguo. Sisi ndio tunaofaa kuushika, kwa sababu sisi hatuna ukali wowote. Na atakayepinga jambo zuri namna hii, naye aingizwe.

Nisamehe kwa urefu wa barua. Kwetu barua fupi ni ya kufukuzana.

Msalimie sana Mama Meddy, mwambie unga wa Jumatano utakuwa wa mavuno mapya. Msalimie Meddy mwenyewe na masomo yake. Wasalimie wale vijana wawili waliokula sahani moja, na mpishi aliyewapikia. Salamu kwa askari wa getini aliyeniuliza kitambulisho mara tatu siku moja, nimeshamsamehe. Wasalimie wote wanaonifahamu kwa sauti.

Ni mimi, mwenye heshima na imani katika chumba chako,

Nathalie, binti wa Mama Mariette

Nyongeza. Afande, naandika haya nikiwa nje, karatasi iko gotini, vumilia mwandiko.

Kabla ya kuifunga barua niliona si vizuri kuituma bila baraka za Mama. Sasa masikio ya Mama yamekuwa mazito, kwa hiyo ilibidi nimsomee kwa sauti ya mhubiri. Na nyumba zetu ni za udongo na turubai, Prince anakaa juu yetu hatua thelathini, Vénant chini yetu hatua ishirini. Sikufikiri. Nilipofika namba tatu Prince alikuwa ameshasimama mlango wa nyuma. Nilipofika namba tano Vénant alikuwa mlango wa mbele. Nikawaza nikinyamaza wataondoka, basi nikaendelea kusoma. Nikasoma ya hotuba.

Walitazamana. Ni mara ya kwanza tangu mwaka jana. Halafu Vénant akamuuliza Prince, "Ulisoma yangu yote?" Prince akasema, "Yote. Na ukurasa wa nne ulinipa taabu mingi." Vénant akasema ukurasa wa nne ulimpa taabu hata yeye alipouandika. Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Prince akakaa chini kwenye udongo na shati lake la Jumapili. Nilisimama pale na barua yangu, afande, nikadhani kazi imekwisha bila jeshi, nikajiona nami nacheka.

Wakageuka wote wawili wakanitazama mimi. Prince akaninyang'anya barua akasoma mwenyewe fasi ya chumba, Vénant akisomea begani kwake. Wakamchagua Mama kuwa prezida wa kikao, hapohapo mlangoni, Vénant akawa katibu. Wakapitisha azimio la kwanza la pamoja tangu vyama vizaliwe. Kifungu cha kwanza kinasema: katika miezi kumi na minne, si Usawa Mpaka Mwisho wala Wenye Inchi wa Kweli walioomba mwanajeshi amfungie mtu wa tumbo moja, na mtu pekee katika ukoo huu aliyefanya hivyo ni yule anayejiita wa katikati. Kifungu hicho nimekinakili kama kilivyo. Kifungu cha pili kinasema nisikae kwenye chakula cha Jumapili mpaka niifute barua hii kwa maandishi.

Wakamuuliza Mama kama anakubali. Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, mimi hakunitazama. Akasema, "Nakubali. Munawe."

Wamenawa. Mama amekula, afande. Niko hapa chini ya dirisha nasikia kila kitu, hata kijiko. Ameomba aongezewe sombe, ile niliyotwanga mimi, na amecheka mara mbili. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka. Ninalia kidogo, lakini si kwa hasira, au si kwa hasira tu.

Prince ametoka sasa hivi kuniuliza kama naifuta. Nimemwambia siifuti. Nikiifuta nitasamehewa leo, na kesho hawatakuwa na mtu wa kumkasirikia pamoja, na Jumapili ijayo Mama atangoja tena mlangoni. Kwa hiyo barua inakuja Jumatano kwa mkono wa Mama Meddy, nimemwambia Prince wazi, naye amerudi ndani kumwambia Vénant, nao sasa wananisema kwa sauti moja.

Tafadhali, afande, ipokee, uitie muhuri, na usifanye lolote.